Humsamehe

Saa moja na dakika arobaini asubuhi fomu ilikuwa mezani, imekandamizwa kwa kikombe kitupu, na mstari mmoja kati ya miwili ya chini ulikuwa umeshatiwa saini. Saini ilikuwa ya mumewe. Kikombe pia kilikuwa chake: kwenye kishikio kulikuwa na alama ya kidole cheusi cha grisi. Mwenyewe alikuwa ameshatoka.

Mwanamke alivaa miwani akaisoma akiwa amesimama.

"Sisi, wazazi wa marehemu, tumemsamehe mfungwa aliyetajwa hapo juu, kwa hiari yetu na bila kushurutishwa na mtu."

Fomu ilitakiwa irudi ofisi ya magereza siku hiyo hiyo, kabla ya saa tisa alasiri. Wazazi wote wawili wakisaini, kamati ingesikiliza ombi la mfungwa la kupunguziwa kifungo. Mmoja akikosekana, ombi lingefungwa kwa miaka mitatu.

Alitoa kalamu nyekundu kwenye mkoba, akakata "tu", na juu yake akaandika "ni". Nimemsamehe. Kama mumewe amesamehe, na aseme amesamehe yeye. Aliikunja fomu mara mbili, akakiosha kikombe, akaenda kazini.

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa msahihishaji wa prufu, kurasa za majaribio, kwenye kiwanda cha uchapaji. Huko walimwita Mama Nukta, kwa kuwa hata nukta iliyokaa vibaya haikumpita. Hakuwa mtu wa kueleza moyo wake unasemaje. Alikuwa mtu wa kueleza ni ukurasa wa ngapi, mstari wa ngapi.

Jambo lenyewe, kwa mtu wa kuhesabu mistari, lilikuwa fupi. Miaka minne iliyopita mtoto wao wa pekee, fundi umeme wa miaka ishirini na minne, aligombana na mwenzake wa kazi kwa sababu ya ngazi: nani aliiacha nje ikanyeshewa. Mwenzake akampiga spana ya kichwa. Akaanguka. Akampiga tena. Ripoti ya daktari ilitaja majeraha mawili, na kwamba la pili alilipata akiwa tayari yuko chini. Mahakama ikasema ni kuua bila kukusudia, miaka kumi na miwili. Mwanamke aliisoma hukumu yote, kurasa thelathini na moja. Alikuta makosa sita ya uandishi, wala hakuna hata moja lililobadilisha kitu. Pigo la kwanza aliweza kuliita hasira. La pili hakulipatia neno, na kitu kisicho na neno hakujua namna ya kukisamehe.

Kabla ya hapo yeye na mumewe waliitana kwa jina la mtoto, Mama fulani na Baba fulani, kama watu wote. Baada ya mazishi hakuna aliyeweza kulitamka tena, wakabaki hawana la kuitana. "We," mumewe alisema akitaka chumvi. "Mwenzangu," alisema akiwa na jambo zito. Yeye hakumwita chochote. Alisubiri mpaka mumewe ageuke.

Miezi kumi iliyopita mumewe alisema, "Mwenzangu, nimekwenda kumwona. Jela. Nitakuwa naenda kila Jumapili ya kwanza." Yeye aliinuka akaosha sahani iliyokuwa safi. Mwezi wa tatu baada ya hapo, asubuhi moja, alikuta mezani kikaratasi kilichochanwa. Upande mmoja kiliandikwa: betri mbili, sabuni, uzi mweusi. Alikigeuza, kwa sababu ndivyo alivyozoea kufanya na kila karatasi. Upande wa pili kulikuwa na neno moja tu, kwa mwandiko wa mumewe:

Humsamehe

Wewe, humsamehe. Alilisoma mara mbili. Hakukuwa na kosa. Lilikuwa shtaka, na lilikuwa kweli. Alinunua betri, sabuni na uzi, akaviweka mezani, akahamishia mto wake kwenye chumba cha mtoto. Mumewe alisimama mlangoni hapo siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu akaacha. Nyumba ya vyumba vitatu ikawa na watu wawili wanaosikilizana wakikohoa.

Kikaratasi hakukitupa. Alikitia kwenye pochi, nyuma ya kitambulisho.

Saa nne kasorobo mpangaji wa kurasa alikuja mezani kwake na prufu mkononi, akiwa na uso wa mtu aliyeokota kitu barabarani.

"Mama Nukta. Ukurasa wa tisa."

"Una nini?"

"'Wanafuzi.' Mwanafunzi amekosa 'n', na wewe umempitisha. Nikuitie daktari au nikuitie waandishi wa habari?"

Alitazama. Ilikuwa kweli.

"Miaka kumi na moja nimeisubiri siku hii," mpangaji alisema. "Nitaitia fremu." Kisha akamtazama vizuri, akashusha sauti. "Mama, kuna nini?"

"Kuna fomu."

Mpangaji alikuwa mtu wa mzaha lakini hakuwa mjinga. Alivuta kiti akakaa. Mwanamke aliifungua fomu ili aone tena alichokata, na kwa mazoea ya kazi macho yakashuka hadi chini kabisa, penye maandishi madogo yanayotaja mchapaji. Mchapaji ni wao. Namba ya kazi ilikuwa ya miaka sita nyuma.

Alikwenda kabatini. Prufu ilikuwepo, na pembeni herufi zake mbili za kwanza, kwa wino mwekundu. Fomu hiyo aliipitisha yeye, miaka miwili kabla ya msiba. Alikuwa amesahihisha kitu kimoja: baada ya "Sisi" alitia koma. "Tumemsamehe" aliiacha kama ilivyo. Siku ile lilikuwa neno sahihi.

"'Me,'" alisema.

"'Me' nini?"

"Ukisema mlango umefungwa, mlango umefanya nini?"

"Umefungwa, basi. Habari imekwisha."

"Ndiyo. Habari imekwisha." Aliirudisha prufu kwenye faili. "Naomba ruhusa ya mchana."

"Nenda, mama. Hilo kosa niachie nilifurahie mwenyewe."

Saa sita na nusu alitoka, akitaka kumrudishia mumewe fomu mkononi na kumwambia maneno manane aliyoyapanga njiani: isaini upya kwa jina lako, mimi usinitie humo. Karakana ya mumewe ya kutengeneza mafriji ilikuwa mtaa wa tatu kutoka kiwandani, na hakuwa amefika hapo tangu msiba. Mlango ulikuwa na maandishi ya chaki: NIKO BUCHA, FRIZA. NARUDI. Alipapasa juu ya fremu ya mlango. Ufunguo ulikuwa palepale.

Ndani kulikuwa na mafriji saba, mawili yamelazwa ubavu, na harufu ya mpira ulioungua. Kwenye benchi palikuwa na nusu ya mkate, imefunikwa kwa kitambaa. Hakuwa amekaa hata dakika mbili, mwanamke mmoja mwenye kikapu akaingiza kichwa.

"Fundi yuko wapi? Na wewe ni nani, dada?"

"Mke wake."

"Ala! Kumbe ana mke?" Alishangaa bila kujificha. "Samahani. Sisi tulishamhesabu mgane, jinsi anavyotafuna mkate mkavu hapo mlangoni peke yake. Haya, friji yangu iko tayari? Ile inayonguruma kama shemeji yangu."

"Sijui."

"Anaandika kwenye daftari, lile pale. Nisomee, dada yangu, maandishi yake mimi nayaona kama sisimizi wamemwagiwa maji."

Daftari lilining'inia kwa kamba kwenye msumari. Mumewe aliandika kwa kalamu ya risasi, sentensi fupi, bila kusema nani, maana anayezungumziwa siku zote alikuwa mashine. "Huvuja ikizimwa." "Hugandisha juu, chini haigandishi." "Huwaka yenyewe." Ugonjwa wa friji si jambo lililotokea mara moja likaisha, ni tabia, na fundi aliiandika kama tabia.

"'Hunguruma ikiwa tupu,'" alisoma. "'Ikijazwa hunyamaza. Tayari.'"

"Na shemeji vilevile!" mwanamke wa kikapu alicheka, akaondoka akisema ataleta mkokoteni kesho.

Angelirudisha daftari msumarini. Lakini jicho lake lilikuwa limeshaona, kurasa za nyuma, ukurasa mmoja uliokosa sehemu ya juu. Alifunua hapo. Karatasi ilikuwa imechanwa kwa mkono, kwa haraka, na mchano ulikuwa na meno. Chini ya mchano palibaki mistari miwili:

"siku tatu, mara nyingine nne. Kisha huanza upya. Chanzo hakijapatikana."

Alitoa pochi. Alitoa kitambulisho, na nyuma yake kikaratasi. Alikiweka juu ya mchano. Jino liliingia penye pengo, kila moja mahali pake, na mstari wa daftari ukaungana na mstari.

"Humsamehe siku tatu, mara nyingine nne. Kisha huanza upya."

Alikaa kwenye kiti cha fundi, akaifanya kazi aliyolipwa kuifanya kwa miaka ishirini na sita. Kama mumewe alikuwa anamwambia yeye, wewe, angeandika "huanzi". Hakuandika "huanzi". Aliandika "huanza", na "huanza" haiwezi kuwa shtaka. Ni tabia, kama huvuja, kama hunguruma. Kuanza hakumdanganyi msomaji, kwa sababu mwisho wake hubadilika. Kusamehe hakubadiliki mwisho. Humsamehe ya mtu asiyesamehe na humsamehe ya mtu anayesamehe kila mara huandikwa herufi zile zile tisa. Hutofautishwa na kinachofuata, na yeye alikuwa amesoma kikaratasi kisichokuwa na kinachofuata.

Mumewe alikuwa amechana karatasi ya kwanza iliyomjia mkononi ili aandike betri.

Alifunua mbele. Kila mwezi palikuwa na mstari au miwili, kati ya friji na friji.

"Amekonda. Humsamehe mpaka Jumatano. Alhamisi hushindikana."

"Nimemuuliza la pili. Amelia. Si jibu."

Na mwezi uliofuata: "Nimemuuliza tena la pili. Amesema: Mzee, ningekuwa na sababu ningekupa, angalau mpate kitu cha kushika. Sina. Spana ilikuwa bado mkononi."

Alipomaliza sentensi hiyo aliinua macho. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika kumi. Alimwona mtu yule, si usoni, maana uso wake alikuwa ameusahau, bali mkono tu, na spana ndani yake, na mtu mwenyewe akiutazama kama anavyoutazama yeye, bila kuwa na neno. Hakumtakia kitu kibaya. Aliliona hilo kama anavyoona nafasi iliyozidi kati ya maneno mawili: lipo. Alikaa bila kujitikisa ili asilisumbue. Kisha akamwona mwanawe sakafuni, na likaondoka. Saa ilionyesha saba na dakika kumi na nne.

Mumewe aliingia akiwa na mfuko wa vifaa begani. Alimkuta mkewe kwenye kiti chake, daftari limefunuliwa mapajani, akashtuka, na kwa kushtuka mdomo ukamtangulia. Alimwita Mama, na jina la mtoto.

Wote wawili walilisikia. Mfuko ulishushwa sakafuni polepole.

"Hiki," mwanamke alisema, akinyanyua kikaratasi, "uliniandikia mimi?"

Alikisogeza mbali na macho, kama wafanyavyo wasiokuwa na miwani. "Nilikuandikia betri."

"Upande wa pili."

Alikigeuza. Alikitazama muda mrefu kuliko neno lenyewe.

"Hiki si chako. Hiki ni changu."

"Kilikuwa mezani miezi saba iliyopita."

Fundi alihesabu. Ilimchukua muda, na alipofika aliegemea friji. "Umelala chumba cha mtoto miezi saba kwa sababu ya hiki?"

"Kilisema simsamehe."

"Na humsamehe, si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi si ungeniuliza, mwenzangu!"

"Prufu haiulizwi. Husomwa."

Fundi alitoa sauti ambayo mwanzoni ilikuwa kicheko. Alijifuta uso kwa kiganja, akajipaka grisi kutoka paji hadi shavuni. Mkewe alitoa fomu kwenye mkoba akamwonyesha penye wino mwekundu.

"'Tu' niliikata mimi. Lakini na wewe umesaini kitu si chako. 'Tumemsamehe.' Daftari lako linasema siku tatu."

"Nne, zikizidi."

"Kwa nini ulisaini?"

"Fomu ina kauli moja tu. Nikiikataa, nimesema sijasamehe, na Jumapili mpaka Jumatano huo ni uongo. Nikiikubali, ni uongo Alhamisi. Nikachagua uongo wenye siku chache."

"Chache? Wiki moja ina siku saba. Na mwezi je?"

"Ndiyo maana mimi huenda kila mwezi."

"Na hiyo 'tu'?"

Fundi alishika kishikio cha friji, akakiachia. "Nilidhani ukikuta jina langu limetangulia..." 

Mkewe alimwonyesha kwa kidole mstari wa spana. "Hapa. Nimesoma hapa. Saa saba na dakika kumi mpaka saba na kumi na nne sikumtakia baya."

"Dakika nne?"

"Nne. Kwa saa hii yako, kama haikosei."

"Haikosei," fundi alisema. Alitazama saa, akamtazama mkewe. "Yangu ya kwanza ilikuwa dakika moja na nusu. Ilikwisha kabla sijatoka geti la jela."

Alikata mkate uliobaki vipande viwili. Walikula wamesimama, kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja na kila mmoja alimwachia mwenzake.

Kwenye ofisi ya magereza kulikuwa na benchi, kaunta, na karani mnene mwenye mihuri mitatu kwenye sanduku la biskuti. Walifika saa nane na nusu. Kwenye benchi mwanamke aliweka fomu juu ya daftari la friji, akakata "nimemsamehe" yote, na juu yake akaandika neno moja. Mumewe aliweka saini ndogo pembeni mwa sahihisho. Kisha mwanamke akasaini mstari wa pili, na mbele ya saini akaongeza maneno machache kwa herufi ndogo. Mumewe aliyasoma, akamrudishia kalamu.

Karani aliipokea fomu, akakunja uso.

"Mama, fomu ya serikali haichorwichorwi."

"Fomu hii niliipitisha mimi. Tazama chini, mchapaji."

"Hata kama ungeizaa." Alisogea karibu na karatasi. "Halafu umeandika nini? 'Humsamehe.'" Aliinua macho. "Mimi simsamehe nani? Mimi simjui hata huyo mtu, mama, nakaa hapa na mihuri yangu."

Fundi aligeukia dirisha. Mabega yake yalitikisika.

"Umeanzia katikati," mwanamke alisema. "Anza mwanzo wa sentensi."

"'Sisi,'" karani alisoma.

"Hapo pana koma. Pumua."

"'Sisi, wazazi wa marehemu, humsamehe mfungwa aliyetajwa hapo juu.'" Alirudi mwanzo wa mstari kwa kidole. "Aha. Humsamehe. Kama vile mtu huamka, hula, huoga."

"Kama hivyo."

"Sasa nisikilizeni, wazee wangu. Mimi kwenye rejista nina ndiyo na hapana. Mmemsamehe, au hamjamsamehe?"

"Friza," fundi alisema bila kugeuka, "huiulizi kama imegandisha. Unaiuliza kama inagandisha."

"Mzee, mimi nimekuuliza habari za friza?"

"Yeye humsamehe," mwanamke alisema. "Miezi kumi sasa. Mimi imekuwa mara moja. Nimeandika."

Karani alishuka hadi kwenye saini ya pili, akasoma herufi ndogo kwa sauti ya chini, neno kwa neno: mara moja, leo, saa saba na dakika kumi hadi saba na dakika kumi na nne. Alizisoma tena bila sauti. Alitazama saa yake, kana kwamba angeweza kuhakikisha.

"Na mwezi ujao?" aliuliza, na sasa hakuwa anauliza kwa ajili ya rejista.

"Jumapili ya kwanza," mwanamke alisema. "Nitakwenda naye. Sijui zaidi ya hapo, kwa hiyo sikuandika."

Karani alifungua rejista. Kwenye safu ya "Wazazi wamesamehe" aliandika "Ndiyo". Akaitazama. Akaongeza mabano, na ndani yake: "isomwe fomu yenyewe, tangu mwanzo."

Saa tisa kasoro dakika sita aligonga mhuri, mara moja, juu ya tarehe.